Kabla ya Kung'oa Jino: Lifahamu Taya Lako

Si kila maumivu ya kutafuna hutokana na jino bovu. Mkazi wa Sikonge aliyeshinda akitafuna matobolwa makavu, au aliyezoea kubana meno awapo na mawazo mengi, aweza kuamka na maumivu yanayoanzia mbele ya sikio na kushuka hadi kwenye magego. Akiomba gego ling'olewe, huenda akalipa na maumivu yakabaki palepale. Jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena. Hivyo yafaa mtumiaji aelewe kwanza jinsi taya lifanyavyo kazi.

Taya linavyosogea

Taya la juu halisogei. Taya la chini limeshikwa na viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Weka vidole hapo, kisha fungua na kufumba kinywa, nawe utahisi kiungo kikisogea. Mwanzoni kichwa cha mfupa huzunguka kama bawaba. Kinywa kikizidi kufunguka, huteleza mbele, kikikingwa na kisahani cha gegedu. Kisahani hicho kikihama kidogo, husikika mlio. Mlio usio na maumivu kwa kawaida hauhitaji matibabu.

Kazi ya kutafuna hufanywa na jozi nne za misuli: moja ya mashavuni, moja ya panjani, na mbili zilizo upande wa ndani wa taya. Misuli hiyo huchoka na kuuma ikitumikishwa kupita kiasi, kama ya mkono ulioshinda na jembe.

Meno yanavyokutana

Taya linapopumzika, meno hayagusani. Kati yake hubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Mtu abanaye au kusaga meno usingizini huinyima misuli pumziko hilo.

Wakati wa kuuma, magego ya pande zote mbili hugusana kwa pamoja. Jino lililozibwa likibaki limeinuka, hata kwa unene wa unywele, hutangulia mengine na kubeba mzigo usio wake. Ndiyo sababu mtaalamu humtaka mgonjwa aume karatasi ya rangi ili aone mahali panapogusana mno. Kipimo hicho kikisahauliwa, kiombe. Ganzi ikiisha ukahisi jino limetangulia mengine, rudi lirekebishwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Ni jino gani lililoharibika, na ni dalili gani inayoonyesha hivyo?
2. Je, misuli na viungo vya taya vimepimwa?
3. Ipo njia nyingine ya matibabu, na gharama yake ni kiasi gani?

Usiharakishe kukubali meno mazima yasagwe ili "kurekebisha taya", kwani kilichosagwa hakirudi. Hudumiwa na mtaalamu aliyesajiliwa, si mng'oa meno wa mnadani, na dai risiti. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mjini Tabora. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari wa meno hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Unachoweza kufanya nyumbani

Maumivu mengi ya misuli ya taya hupungua bila upasuaji. Kwa wiki chache, kula vyakula laini, tafuna kwa pande zote mbili, acha muwa na mahindi makavu ya kukaanga, wala usifungue soda kwa meno. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mchana jikumbushe: midomo ifumbwe, meno yaachane.

Wakati wa kwenda hospitali bila kuchelewa

Nenda mara moja iwapo kinywa kimefunguka na hakifumbi. Iwapo uvimbe wa taya umeandamana na homa. Au iwapo taya linakaza baada ya kupata jeraha, kwani hiyo yaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua na kutokwa jasho yaweza kuwa ya moyo. Na ikiwa kinywa hakiwezi tena kupokea vidole vitatu vilivyopangwa wima, usingoje kizidi kukaza. Muone mtaalamu wa meno.