Fahamu: Tarehe inayokaguliwa kabla programu haijaanza kufanya kazi

Mwandishi wa programu akiandika 30 Februari, kosa hilo ligunduliwe lini? Ukaguzi wa tarehe wakati wa kukompaili unalikamata mapema, programu ikiwa bado haijamfikia mtumiaji. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaikataa tarehe hiyo na kazi inasimama hapo hapo.

Tatizo liko wapi?

Kalenda ya Gregori ina mitego. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, Februari ikawa na siku 29. Mwaka 1900 haukuwa mrefu, ingawa unagawanyika kwa 4.

Tazama Haskell, lugha maarufu ya programu za kifanksheni. Ukiipa fanksheni yake ya fromGregorian namba 2023, 2 na 30, hailalamiki. Inakurudishia 28 Februari 2023, kimya kimya. Hilo ni hatari kuliko programu kugoma, kwa sababu tarehe iliyobadilishwa inaonekana sahihi kabisa na hakuna wa kuishtukia.

Inafanyikaje?

Template Haskell, kiendelezi cha Haskell, huruhusu sehemu ya msimbo kutekelezwa wakati wa kukompaili. Tarehe iliyoandikwa ndani ya msimbo hupimwa kwa fanksheni nyingine, fromGregorianValid. Isipokuwepo kwenye kalenda, kompaila inakatisha kazi. Katika Idris, lugha nyingine ya kifanksheni, aina ya data yenyewe inaweza kubeba sharti kwamba idadi ya siku hutegemea mwezi na mwaka.

Mpaka wake

Tarehe anayoijaza mteja kwenye fomu haijulikani mapema. Hiyo lazima ikaguliwe programu ikiwa kazini.