Watoto wa Askari Kambini

Huko Marekani, tangu mwaka 2004, chama cha jamaa za askari kimekuwa kikiwaandalia watoto wao kambi za likizo ya kiangazi bila ya malipo, ziitwazo Operation Purple. Watoto hao hutembea msituni na hucheza pamoja kwa muda wa juma moja. Lakini twaona faida iliyo kubwa si michezo: ni kuwa mtoto ambaye mzazi wake yu mbali jeshini hukutana na wenziwe wenye hamu na hofu kama yake.

Basi twawauliza wazazi: mtoto wa jirani ambaye baba yake yumo safarini, ni nani amchukuaye matembezini pamoja na wanawe? Huyo si yatima, lakini moyo wake wangoja. Dini imetuusia jirani, natuanze kwake.