Soko la Maziwa: Uhuru wa Kuuza na Haja ya Sheria

Mahindi yaweza kukaa ghalani mpaka bei iwe njema, lakini maziwa hayangoji. Yaliyokamwa asubuhi yasipopata mnunuzi huharibika. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kununua maziwa, na kwa masharti gani, si la wakubwa wa Nairobi peke yao. Ni la kila nyumba yenye zizi.

Tangu 1925 kazi ya kununua maziwa na kutengeneza siagi katika Kenya ilishikwa zaidi na chama cha Kenya Co-operative Creameries, yaani KCC, kilichoanzishwa na wakulima wa Kizungu. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia Waafrika wengi njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, na baadaye nao wakawa wengi katika kazi hiyo. Mwaka 1958 ilitungwa sheria iliyounda Halmashauri ya Maziwa. Kwa miaka mingi bei iliwekwa na Serikali, na soko la mijini likawa mikononi mwa KCC. Faida yake ni kwamba mkulima alijua bei mapema. Hasara yake ni kwamba mnunuzi huyo mmoja alipochelewa kulipa, mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mwaka 1992 Serikali iliacha kupanga bei, na soko likafunguliwa. Viwanda vya watu binafsi viliingia, na wachuuzi wenye baiskeli wakaongezeka. KCC, iliyokuwa imelemewa na madeni, ilishindwa kuwalipa wakulima wake. Mwaka 2000 iliuzwa kwa watu binafsi. Na mwaka 2003 Serikali ikairudisha mikononi mwake, nayo ikaitwa New KCC.

Twapata fundisho gani hapo? Wako wasemao kwamba mali ya umma ikiuzwa kila kitu kitanyoka. Wengine husema kwamba Serikali ikishika kila kitu hakuna atakayedhulumiwa. Habari za KCC zawakanusha wote wawili. Mkulima alikosa malipo yake chini ya chama kikubwa kilicholindwa na sheria, na kuuzwa kwa chama hicho hakukuwa dawa. Jambo kubwa kuliko jina la mwenye kiwanda ni hili: je, mizani ni ya haki, daftari ni safi, na siku ya malipo hutimizwa?

Uhuru wa soko wahitaji pia ulinzi wa mnywaji. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa Kenya hayapiti kiwandani, bali huuzwa mabichi. Zamani wachuuzi walifukuzwa tu. Baadaye, hasa tangu 2004, Halmashauri ilianza kuwafundisha na kuwapa leseni. Hiyo ni njia ya busara zaidi, kwani afukuzwaye hujificha, lakini mwenye leseni aweza kukaguliwa. Nao ukaguzi si jambo gumu. Kipimo cha kioo hutumbukizwa katika maziwa; yakiwa yametiwa maji huwa mepesi, na kipimo huzama zaidi. Vilevile maziwa kidogo huchanganywa na spiriti ya kiasi hicho hicho; yakigandamana, yameanza kuchacha. Chombo nacho kiwe cha madini kinachosafishika vizuri, wala si mtungi wa plastiki wenye mikwaruzo.

Basi, msomaji mwenye ng'ombe, kabla hujamkabidhi mtu maziwa yako, mwulize mambo matatu: leseni yake iko wapi, maziwa yatapimwa mbele ya nani, na fedha zitalipwa tarehe gani. Yaandike majibu yake, pamoja na kilo za kila siku, katika kitabu chako mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena jiunge na jirani zako katika chama cha ushirika, kwani mwenye lita tano hana sauti mbele ya kiwanda, lakini watu mia wenye lita tano tano husikilizwa.