Unga Mweupe na Fedha ya Nyumba

Wasomaji wetu, mtu aendaye sokoni na fedha kidogo mkononi huanza kuuliza bei ya unga. Na wengi hudhani ya kuwa unga mweupe ndio ulio bora, kwa maana ni laini tena hupendeza machoni pa wageni. Sisi wenyewe tulikuwa katika fikira hiyo miaka mingi. Siku ya mgeni hatukuthubutu kuandika ugali wa dona mezani.

Basi yafaa tueleze jinsi punje ya hindi ilivyo. Ina ganda la nje, ina kiini, na sehemu iliyo kubwa kuliko hizo ni wanga. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka mafuta na vitamini nyingi za jamii ya B, ambazo mwili hauwezi kukaa bila hizo. Aliyepeleka debe lake mashineni likakobolewa, hurudi na unga uliopungua kwa robo, pengine zaidi, naye amelipa mara mbili, kukoboa na kusaga. Pumba hutupiwa kuku. Twaona haya kusema, lakini ziko nyumba ambazo kuku hula vema kuliko watoto.

Habari hii si ngeni. Katika kisiwa cha Java, miaka ya 1890, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, mfano wa watu wenye ugonjwa wa beriberi. Walipopewa mchele usiokobolewa sana, walipona. Mwaka 1929 alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na Frederick Hopkins wa Uingereza.

Lakini dona ina sharti lake, wala hatutaki kulificha. Mahindi yaliyovunwa yakawekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Katika mwaka 2004, huko Kenya, katika nchi ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Kwa kuwa sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini, mwenye kula dona hana budi kuyachagua mahindi yake kabla ya kuyasaga: punje zilizovunjika, zilizokunjamana, au zilizogeuka rangi, zitupwe, wala asipewe kuku. Mfanyabiashara akiuza mahindi yenye ukungu kwa bei ya chini, usiyaonee tamaa. Hali kadhalika karanga.

Tena unga wa dona hauweki, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Afadhali kununua mahindi makavu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kusaga kidogo kidogo, wa juma moja au mawili.

Fedha iliyobaki isipotelee katika sukari. Kibaba cha maharage au kunde hukamilisha ugali, maana kilichopungua katika utomwili wa mahindi kimo ndani ya kunde, na kilichopungua katika kunde kimo ndani ya mahindi. Dagaa nao huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo huwapa watoto chokaa ya kujengea mifupa. Mwenye kununua dagaa awatie kiganjani na kuwapukuta; wakiacha mchanga mwingi, walianikwa chini, na mnunuzi amelipia mchanga kwa bei ya samaki.

Mboga za majani, yaani mchicha na matembele, watu huziita chakula cha maskini, na hapa hatukubaliani nao hata kidogo. Zipikwe kwa maji machache, zitiwe mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, kwa kuwa vitamini A iliyomo haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Kipande cha limau juu yake husaidia mwili kupokea chuma cha mboga. Chai, kinyume chake, huzuia. Kwa hiyo birika lingoje kwanza, liletwe saa moja au mbili baada ya chakula.