Disiki nyeusi za bazee: musizitupe!

Ku nyumba mingi za batu ba kazi, hapa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, kuko sanduku moja ya muzee yenye mutu hafungui. Ukiifungua, pengine utakuta mule disiki nyeusi, nzito, yenye kuvunjika sawa sahani. Ni disiki ya fono, ile ya kuzunguka mara 78 kwa dakika moja. Ku kila upande wimbo mumoja tu, dakika tatu hivi, kiisha unageuza.

Mule njo muko sauti ya batata wetu. Mu mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kunasa miziki, alikuta ku Jadotville, Likasi ya leo, kijana mumoja na gitare yake: Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya. Wimbo wake «Masanga» ulitoka ku disiki za Gallotone, kampani ya Afrika Kusini, na ulisikilika mpaka Kenya. Edouard Masengo na Losta Abelo nabo baliimba na gitare, mu Kiswahili yetu: mapendo, ndoa, maisha ya mji.

Mu 2003, wakati batumikaji zaidi ya 10.000 ba Gécamines baliingia mu «départ volontaire», jamaa mingi ziliuzisha vyombo juu ya kula. Nani aliangalia kama mu sanduku mulikuwa disiki?

Bande za Tracey zinachungwa Makhanda, Afrika Kusini, ku nyumba ya muziki ya ILAM. Ni vizuri, lakini ni mbali. Disiki ya muzee iko hapa.

Basi, uichunge hivi. Uisimamishe sawa kitabu. Usizipandanishe moja juu ya ingine. Uiweke mbali na jua. Vumbi, utoe na kitambaa laini. Pombe kali ao alkoli, hapana kabisa: disiki hii ni ya gundi ya wadudu, alkoli inaiyeyusha. Na usiichezeshe na sindano ya mashini ya sasa yenye haikufanywa kwa disiki za namna hii, inaweza kuharibika. Kwa fono ya zamani, sindano ya chuma ilikuwa inabadilishwa kila upande.

Na kama muzee angali muzima, umuulize: aliinunua wapi, na mushahara gani, nani alicheza naye? Andika majibu ku karatasi, uweke pamoja na disiki. Wimbo uko mule ndani, lakini ile habari iko mu kichwa yake tu.