Pikapu inapoinamia mzigo: kipi kiongezwe chini yake?

MSIMU wa kuvuna mahindi unapowadia katika kaunti ya Uasin Gishu, kati ya Oktoba na Desemba, barabara zinazoingia Eldoret kutoka Ziwa, Moiben na Turbo hujaa pikapu zilizoinua pua mithili ya mashua iliyozidiwa nyuma. Magurudumu ya nyuma huwa yamemezwa na bodi, nazo taa za mbele hutazama mawinguni na kumpofusha anayekuja upande wa pili. Mwenye gari huwa na swali moja: aongeze nini chini yake ili lisimame sawa?

Swali hilo huulizwa pia Marekani, ila kwa sababu tofauti. Huko pikapu kubwa hutoka kiwandani nyuma ikiwa juu kuliko mbele, na wengi hununua vipande vya chuma vya kuinua mbele ili gari lipendeze likiwa tupu. Eldoret hali ni kinyume. Pikapu hununuliwa ibebe maziwa, mahindi, viazi, mbao na saruji, na mtengenezaji aliiacha nyuma iwe juu kwa makusudi ili mzigo uishushe. Anayeinua mbele kwa ajili ya sura huwa ameifuta akiba hiyo, na gari lake likipakiwa litainua pua hata zaidi.

Jambo la kwanza, kabla ya kwenda kwa fundi, ni kuujua uzito. Pikapu za kebini moja za aina ya Toyota Hilux au Isuzu D-Max hubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na utingo wake. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 990. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban gramu 1,030, hivyo mikebe 20 ya lita 50 ni kilo 1,030 hata kabla ya mikebe yenyewe kupimwa. Kuhusu viazi, kanuni za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini anayewajua wachuuzi anajua jinsi gunia linavyoweza kuvimbishwa. Ahesabuye magunia badala ya kilo hujidanganya mwenyewe.

Kipimo cha pili kinahitaji utepe tu. Gari likiwa tupu, kwenye uwanja ulio sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwa magurudumu yote manne. Lipakie mzigo wa kawaida, kisha upime tena. Ikiwa nyuma imelala hata gari likiwa tupu, springi zimechoka na zinahitaji kubadilishwa. Kuziongezea nyingine ni kuficha ugonjwa. Ikiwa gari husimama sawa likiwa na mzigo wa halali, halihitaji kitu chochote.

Anayebeba mzigo ule ule kila siku, kama msafirishaji wa maziwa anayefika kiwandani alfajiri, hufaidika zaidi na springi nzito zilizoundwa kwa ajili ya gari hilo, au bamba moja la ziada katika springi zilizopo. Bamba halipasuki kwa changarawe wala halihitaji pampu. Ubaya wake hujitokeza gari likiwa tupu: hurukaruka, na katika barabara ya murram iliyolowa nyuma huteleza upesi. Shokabzoba nazo hubadilishwa pamoja na springi, kwa kuwa zilizokusudiwa springi laini haziwezi kutuliza springi ngumu.

Mafundi wa jua kali wana njia yao, nayo si ya kudharauliwa: huchukua bamba la springi ya lori kuukuu, wakalikata na kulipachika. Hatari iko kwenye moto. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Kikipigwa moto wa gesi ili kikunjwe, sehemu hiyo hulainika au huwa kavu ikavunjika. Fundi anayekata bamba kwa msumeno na kulikunja likiwa baridi anastahili kulipwa zaidi ya yule mwenye moto.

Mwenye mzigo wa mara moja moja hupendelea mifuko ya hewa inayokaa kati ya ekseli na chesisi. Hujazwa gari linapopakiwa na kupunguzwa likishashushwa mzigo, na hivyo gari tupu hubaki laini. Ni kifaa kizuri, lakini kina kasoro mbili. Mawe na matope hutoboa mifuko na mipira yake. La pili ni zito zaidi: springi hugawa uzito sehemu mbili za chesisi, mbele na nyuma ya ekseli, ilhali mfuko huusukuma mahali pamoja katikati. Nchini Australia, pikapu nyingi za kebini mbili zimepinda chesisi kwa njia hii, hasa pale mzigo unapolala nyuma ya ekseli.

Vitalu vya mpira ngumu vinavyopokea ekseli inaposhuka ni vya bei nafuu na havina matata. Vinamtosha anayezidiwa kidogo tu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni breki. Pikapu nyingi za kabla ya breki za kielektroniki kuenea zina vali yenye mkono ulioungwa na ekseli ya nyuma. Bodi ikishuka, vali hutambua kwamba kuna mzigo na kuyapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi ya breki. Fundi akiinua nyuma kwa springi bila kuurekebisha mkono huo, vali huamini kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma hunyimwa nguvu, za mbele hubeba kazi yote na kuchemka. Barabarani Eldoret, ambako ni tambarare, dereva huenda asihisi tofauti. Atahisi akipita Iten na kuanza kuteremka Tambach kuelekea Bonde la Kerio, ambako barabara hushuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona za mfululizo. Mmiliki na adai mkono huo urekebishwe mbele ya macho yake, na taa za mbele zilengwe upya siku iyo hiyo.

Hakuna springi inayoongeza uzito unaoruhusiwa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza mzigo unaozidi kiasi kilichotajwa na mtengenezaji wa chesisi au kilichowekwa na mkaguzi wa magari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2013 kuhusu uzito wa magari inalenga yale ya kilo 3,500 na zaidi, na ndiyo sababu pikapu nyingi huipita mizani bila kuulizwa. Lakini ekseli, beringi na tairi hazijui kwamba mizani imepitwa. Mwenye bima naye anafaa kuiarifu kampuni yake kabla ya ajali, si baada.

Gari likishatoka gereji, libebe nusu ya mzigo kwa siku chache za kwanza. Springi mpya hukaa, na bolti zinazozishikilia kwenye ekseli hulegea; zinapaswa kukazwa upya baada ya kilomita mia chache. Kisha utepe utolewe tena, na vipimo vipya vilinganishwe na vile vya mwanzo.