Wachezaji Wastaafu, Nani Awasemee?

Mpenzi wa kandanda wa Mombasa hana haja ya kukumbushwa Feisal, waliotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, wala Ali Kajo aliyeng'ara katika jezi yao na ya taifa. Makofi yalikuwa tele. Mkataba je? Enzi hizo gozi lilichezwa kwa ridhaa. Riziki ilitoka bandarini au dukani, na kiinua mgongo hakikupatikana kwa kufunga mabao.

Ajabu ni kuwa mji huu wajua sana kudai haki. Januari 1947 wafanyakazi waliogoma walikutanika Majengo, katika uwanja waliouita Kiembeni, kuzungumzia ujira wao. Na uwanja wenyewe ulikuwa wa mpira!

Leo wachezaji wa Kenya wana chama chao, KEFWA, kilichomo katika shirikisho la dunia, FIFPRO. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 nayo yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Lakini mstaafu hana mwajiri wa kujadiliana naye. Anayejadiliana ni kijana aliye uwanjani, na kijana, waama, halifikirii goti lake la uzeeni. Basi vipengele vya matibabu na akiba vinapoandikwa, wakongwe nao waitwe mezani.